Sista wa Kinondo Aliyeuguza Kobe

Ukimwamkia shikamoo naye hajamwona mgonjwa wako, hakuitikia. Jambo hilo liliwakera watu wengi, maana huku kwetu pwani ya kusini salamu hairukwi, hata kama mtu amekuja kukuarifu kuwa nyumba inaungua. Sista alikuwa mwenyeji wa Kinondo, mtu wa swala tano, aliyelelewa kwa adabu ile ile tuliyolelewa sisi sote. Lakini ukiingia uani kwake na katoni mikononi, uso wako alikuwa hauoni. Alikupokonya ile katoni, akaitua juu ya meza ya zege, akamtoa kobe, akamwinamisha upande mmoja, akategea sikio pumzi zake, kisha akamfungua kinywa kwa ncha ya kijiko cha plastiki. Ndipo, pengine baada ya dakika kumi, alipoinua kichwa na kusema, "Marahaba." Wewe mwenyewe ulikuwa umeshasahau kuwa ulimwamkia.

Jina lake sikuwahi kulitumia, wala sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi hospitalini kwa miaka zaidi ya thelathini, sehemu kubwa huko bara, na huku muuguzi wa kike huitwa sista hata akistaafu, hata wagonjwa wake wakiwa kobe. Mimi nilikuwa na duka la dawa za mifugo pale Ukunda, na bado ninalo. Siku ya kwanza aliingia akataka sindano nyembamba kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikampa. Akaiinua kwenye mwanga akaitazama.

"Hii ya ng'ombe," akasema. "Mgonjwa wangu mimi anaenea kwenye sahani."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisimama akinitazama mpaka nikaingia stoo kutafuta nyingine.

Kobe wake walitoka kila mahali. Wengine walitoka kwenye majumba makubwa ya Diani yenye bustani za nyasi, ambako walinunuliwa zamani pamoja na nyumba, kama kwamba ni viti. Wengine walikuwa wa watu wa kawaida: kobe wa marehemu babu, kobe aliyezunguka ua mmoja tangu mwenye ua hajaoa. Alikuwa na barua ya ruhusa kutoka kwa watu wa wanyamapori, ameitia ndani ya plastiki na kuitundika ukutani jikoni, na kila kobe wa porini aliyeletwa kwake aliwapigia simu waje wamchukue. Hakutaka mnyama wa kukaa naye. Alitaka mgonjwa, apone, aende zake.

Kobe halii. Mbuzi akiumwa atalia, paka atajificha, mbwa atakuja akuegemee. Kobe atakaa pale pale alipokaa jana, na wewe utapita mara ishirini na kusema amepumzika. Kwa hiyo pale uani hapakuwahi kuletwa mgonjwa mapema. Aliletwa puani akitoka mapovu, au gamba limelainika hadi linabonyea kwa kidole, au macho yamefunga wiki mbili. Sista aliishi na hali hiyo ya kuchelewa kila siku ya Mungu, na nadhani ndiyo iliyomfanya awe vile alivyokuwa: mkavu, mwepesi wa kukata maneno ya mtu, sikio lake kila mara limeelekea mlangoni.

"Amekula lini mara ya mwisho?" aliuliza.

"Anakula, Sista, juzi tu..."

"Sikuuliza kama anakula. Nimeuliza lini."

Aliwauliza watu chakula walichompa kobe, na jibu likamtia uchungu usoni kama aliyepigwa. Mkate. Wali. Mkate na maziwa, ndio uliokuwa ugonjwa wa Diani. Yeye aliwalisha wagonjwa wake maua ya mkarakara, majani ya viazi vitamu, majani ya kunde, vipande vya mpungate ulioondolewa miiba kwa moto, na juu yake alinyunyiza unga wa mfupa wa dome, ule mweupe unaookotwa ufukweni, aliousaga mwenyewe kwa kinu kidogo. Aliyekuwa hana nguvu ya kula alimlaza kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, akiyapima maji kwa ndani ya kiwiko chake kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Mwenye mafua alikaa ndani ya friji bovu lililotobolewa matundu na kutiwa balbu ya joto. Sindano alizichoma mguu wa mbele tu, kamwe si wa nyuma. Nilipomuuliza kwa nini, alinieleza habari ya figo za kobe kwa muda wa nusu saa, dukani kwangu, wateja wamepanga foleni.

Neno ambalo hakutaka kulisikia ni inshallah, likisemwa juu ya dawa.

"Utampa saa nne asubuhi na saa nne usiku."

"Inshallah, Sista."

"Hapana. Inshallah ni ya safari. Dawa ni ya saa nne."

Majina pia hakuyataka. Wenye kobe walikuja na majina mazuri na yeye aliyaacha nje ya lango. Akiwa kwake, kobe aliitwa Mafua, au Gamba, au Mbwa, huyo akiwa ni yule aliyeng'atwa na mbwa. Lakini nilimkuta siku moja amechutama jua la mchana, anamwambia Mafua kwa sauti ya chini kabisa, "Haya mama, pumua, pumua tu, mengine niachie mimi." Aliponiona alisimama ghafla akaniuliza nimekuja kutafuta nini.

Basi mtu huyo, aliyeweza kukesha na mnyama asiyemjua, watu alikuwa hawagusi. Hili ndilo majirani hawakumsamehe. Kinondo nzima ilijua kuwa ana mkono mwepesi wa sindano, na tangu astaafu hakumchoma binadamu hata mmoja. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuja asubuhi moja na binti yake ana homa kali, dawa ameshaandikiwa, kilichobaki ni kuchomwa tu. Mimi nilikuwepo, nimeleta iodini.

"Sichomi watu," Sista akasema.

"Sista, ni sindano moja. Dawa hii hapa, karatasi hii hapa."

"Sichomi watu. Nimestaafu watu."

"Lakini kobe unachoma!" Yule baba alipaza sauti. "Mwanangu mimi ni duni kuliko kobe?"

Sista alivua aproni, akatoka barabarani, akasimamisha tuktuk, akawapakia baba na mtoto, akapanda na yeye. Alikwenda nao mpaka hospitali ya Msambweni, akakaa nao kwenye benchi mpaka alasiri, akasimama karibu wakati mtoto anachomwa na mtu mwingine, akarudi nao. Yule baba alinisimulia mwenyewe, bado ana hasira. "Sindano ya dakika moja," alisema, "imekula siku yangu nzima, na yeye siku yake. Ana wazimu yule." Nami nilikubali. Nilidhani ni kiburi cha aina fulani nisichokielewa.

Nilikuja kukielewa kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Mwanamume mmoja aitwaye Mutua, mtu wa Kitui, alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja ya Galu. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyehamia kutoka Nairobi, na mumewe alimwachia kobe wawili wakubwa, kila mmoja kama kilo kumi na mbili. Mutua alikuja dukani saa sita mchana, mimi nina watu wanne mbele yangu na simu sikioni.

"Madam, kobe wa mama wako na kupe kwa shingo. Kuna dawa?"

Nilimsikia vizuri. Sitaki kusema sikumsikia. Alisema kobe. Mimi nilichukua aivamektini, ile sindano ya minyoo na kupe tunayouza kila siku kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, nikakadiria kipimo cha mbuzi wa kilo kumi na mbili, nikamvutia kwenye mabomba mawili ya sindano. Yeye ndiye aliyesita.

"Hii ni sawa kwa kobe, Madam?"

"Mnyama ni mnyama," nikamwambia, nikamgeukia mteja mwingine.

Siku ya tatu Sista alinipigia simu. "Funga duka uje. Leta chupa zote za maji ya dripu ulizonazo." Akakata.

Nilipofika, kobe alikuwa juu ya meza ya zege. Miguu yote minne ilikuwa imemwagika nje ya gamba, imelegea kama kitambaa kilicholoa, na kichwa kimelala ubavu. Sista alikuwa ameweka uzi mwembamba wa pamba mbele ya pua yake na anautazama uzi ule bila kupepesa. Ulikaa kimya. Ulikaa kimya mno. Kisha ukacheza kidogo.

"Yuko," akasema. "Mwenzake amekufa jana. Mtunza bustani wa huko Galu kawachoma aivamektini. Kwa kobe hiyo ni sumu, inamlegeza hadi mbavu." Hakuinua macho. "Ukunda mnaoiuza ni wangapi?"

"Watatu," nikasema.

"Ni nani kati yenu angemuuzia mtu wa kobe?"

Nikaanza kufungua chupa za dripu. "Sijui," nikasema.

Sista akanionyesha kazi. Kobe hana kifua kinachopanda na kushuka kama chetu. Akilegea miguu, pumzi nayo inalegea. Ukiivuta miguu ya mbele nje taratibu, hewa inaingia. Ukiirudisha ndani, inatoka. Nje, ndani. "Mia moja," akasema, "kisha unapumzika, kisha mia nyingine. Ukichoka niite. Usiache bila kuniita."

Nikavuta. Ngozi ya miguu ile ilikuwa ya baridi na nzito, na kila nilipoirudisha ndani ilikaa pale nilipoiweka, haina mwenyewe. Nilivuta mpaka alasiri. Kesho yake nilifunga duka mapema nikarudi. Keshokutwa pia. Sista aliona nimekuwa mtu mwema, ndivyo nilivyojidanganya. Yeye alimtilia maji chini ya ngozi, alimlowesha macho yasikauke, alimgeuza kila baada ya muda asipate vidonda, na jioni akanifukuza niende nyumbani, akabaki naye peke yake. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kiti kile kile.

Siku ya nne ya kuvuta, Mutua alikuja dukani. Alikuwa amevaa shati safi, la mtu anayekwenda kuomba.

"Madam, mimi sikuji kwa ubaya," akasema. "Mama anasema mimi ndio niliua kobe wa mzee. Nilimwambia nilipewa dawa Ukunda, akasema Ukunda ni kubwa, natafuta tu pa kujificha. Jumamosi nitoke na vitu zangu, na anaita polisi. Si uniandikie tu karatasi kidogo? Useme ni wewe ulinipimia."

Ilikuwa Alhamisi. Dukani mlikuwa na mama mmoja anayenunua chakula cha kuku, naye alikuwa amesimama, ametulia, anasikiliza.

"Rudi baadaye," nikamwambia. "Sasa nina watu."

Alinitazama. Hakubisha. Alisema, "Sawa, Madam," akatoka, na nikamwona anasimama upande wa pili wa barabara, juani, hana pa kwenda, kwa sababu baadaye niliyomwambia haikuwa na saa.

Nilifunga duka. Nilipofika Kinondo, Sista alikuwa ndani anatayarisha dawa ya macho, kobe amelala mezani. Nikaosha mikono nikaanza kuvuta. Nje, ndani. Nilifika kama thelathini, Sista akatoka akasimama mbele yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Usiache kuvuta."

"Sista, ni mimi niliyeuza. Aliniambia ni kobe. Nilimpimia kwa mkono wangu."

"Nimesikia. Vuta."

Nikavuta. Machozi yalinishuka hadi kidevuni na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Uliingia hapa hukuuliza ana nini. Kila mtu huuliza ana nini. Wewe ulitazama mguu, mahali pa sindano."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini ambacho hukijui?"

Alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza. Aliutazama ule uzi wa pamba. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuagiza dawa, alinieleza kuwa alipokuwa bara, mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, alimchoma mama mmoja dawa iliyokuwa ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Vichupa viwili vilifanana. Alikuwa na miaka thelathini na zaidi katika kazi, na hakusoma lebo.

"Akafa?" nikauliza.

"Hakufa. Alilala siku tisa hajitambui, akaamka. Mumewe alinishukuru. Alileta kuku wawili, akanishukuru kwa kumuuguza mkewe siku tisa." Aliutengeneza uzi kwa kidole. "Hakuna aliyejua. Vichupa nilikuwa nimeshavitupa. Nilichukua wale kuku."

Nikaendelea kuvuta. Nje, ndani.

"Tangu siku hiyo nikishika sindano mbele ya mtu, mkono huu haukubali," akasema. "Unaniona mimi? Usiwe hivi. Umefika ngapi?"

"Tisini na mbili."

"Malizia. Kisha nenda Galu kabla ya magharibi."

Nilikwenda. Sikumbuki njia. Ninakumbuka geti jeusi, na Mutua ndani ya geti akiwa amechutama anafunga begi lake kwa kamba. Aliponiona aliinuka akanifungulia.

Yule mama mjane alikuwa barazani. Alinisikiliza nimesimama, hakunikaribisha kiti.

"Alikuambia ni kobe?" akauliza.

"Aliniambia, mama."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Hapo ningeweza kupunguza. Nilikuwa nimejitayarishia njiani maneno laini zaidi: kwamba nilikuwa na wateja wengi, kwamba nilielewa vibaya.

"Aliniuliza kama dawa ile inafaa kwa kobe. Nikamwambia mnyama ni mnyama."

Alifumba macho. Kisha akasema, "Huyo aliyekufa ndiye bwana yangu alimlea kutoka akiwa mdogo hivi," akakunja kiganja kunionyesha. "Mutua amekuwa ananiambia ukweli siku nne. Nimemwita mwongo siku nne." Akanitazama. "Ondoka kwangu."

Niliondoka. Polisi hawakuitwa, na Mutua hakufukuzwa. Hakunishukuru, wala sikustahili shukrani. Baada ya mwezi alipata kazi hotelini akaondoka mwenyewe, na nikikutana naye Ukunda hunisalimu kwa kichwa tu na kupita. Nilikwenda pia kwa afisa wa mifugo nikaeleza kilichotokea, akaniandikia onyo. Yule mama aliyekuwa ananunua chakula cha kuku alieneza habari kabla sijaieneza mimi. Kwa miezi kadhaa watu wa Diani waliokuwa na wanyama wa thamani walipita mbele ya duka langu wakaenda kwa wale wengine wawili.

Kobe alikaa kwa Sista siku kumi na moja. Siku ya nane nilikuwa ninavuta, mguu wa kulia ukanivuta na mimi. Kidogo sana. Nilidhani ni mkono wangu umechoka. Nikaurudisha ndani, nao ukabaki ndani, ukajikaza.

"Sista!"

Alikuja mbio, sabuni mikononi. Alishika mguu ule kwa vidole viwili, akasubiri. Uso wake haukubadilika hata kidogo, lakini aliketi pale pale chini kwenye mchanga, mtu mzima na aproni yake, akaweka kichwa juu ya magoti. Siku ya kumi na moja kobe aliinua shingo akang'ata ua la mkarakara. Mama mjane alikuja kumchukua na gari. Alimshukuru Sista kwa mikono miwili. Mimi alinipita.

"Ana haki," Sista aliniambia gari lilipoondoka.

"Najua."

"Basi kamuoshee beseni lake, kuna mwingine anakuja mchana."

Baada ya hapo nilikuwa mkono wake wa pili kwa miaka. Nilijifunza kwake mambo ambayo vitabu vyangu vya mifugo havikuwa nayo, na nilijifunza pia kuwa hakuwa mtakatifu. Alikuwa anachinja kuku bila kusita huku akiniambia nishike taa vizuri juu ya kobe. Alimchukia jirani wa ukuta wake mpaka mwisho na alikuwa anamtupia maganda ya nazi upande wa pili. Alipenda kusifiwa na alikataa kukiri. Siku kobe aliyebanwa na mayai alipoyataga yote saba baada ya kuhangaikiwa siku tatu, aliyapanga kwenye sinia akawapigia simu watu wa mbali waje wayaone. Na kila kobe alipokufa, alikuwa anatoka yeye mwenyewe kumwambia mwenye kobe. Hakunituma hata mara moja. Hakulainisha. "Amekufa. Ulimlisha mkate miaka minne, ini limeoza." Au, "Amekufa. Ulikaa naye siku kumi ukingoja apone mwenyewe." Watu walilia pale uani, wengine walimtukana. Alisimama mbele yao mpaka wamalize.

"Wasipojua, watanunua mwingine wamuue vile vile," alisema.

Halafu kiharusi kikampata. Upande wa kushoto ukadhoofika, mdomo ukapinda kidogo, na mdogo wake wa kike akamhamishia kwake Munje. Wagonjwa wakaisha. Nilikuwa ninamtembelea kila baada ya wiki mbili, tunazungumza, ananiuliza nimeuza nini na kwa nani.

Mwaka jana, siku moja asubuhi, nilimkuta amekaa kibarazani na mzee mmoja wa pale pale Munje amesimama mbele yake, kobe ndani ya karai. Mzee alikuwa fundi wa kushona makuti, vidole vyake vimejaa makovu ya kazi hiyo. Kobe alikuwa wa marehemu mkewe. Mbwa walikuwa wamemvamia, mguu wa nyuma umetafunwa na gamba limepasuka juu yake, na mzee akampaka majivu na oili chafu ya gari, akamfungia ndani siku tatu akitumaini.

"Mpeleke ndani," Sista akaniambia. "Kisha rudi unishike mkono."

Nilimlaza kobe juu ya meza ya jikoni. Mzee alibaki kibarazani. Nilipoosha ile oili, chini yake mlikuwa na funza hadi ndani ya gamba. Nilianza kuwatoa mmoja mmoja kwa koleo, Sista amekaa kando yangu, mkono wake mzima juu ya gamba.

"Ndani zaidi," alisema. "Upande wako wa kulia. Hapo. Usinitazame mimi, mtazame yeye."

Tulifanya kazi kama saa nzima. Nilipofika mahali ambapo koleo liligusa kitu laini kisichotakiwa kuwa laini, nilisimama. Tukatazamana.

"Angeletwa siku ile ile angepona," Sista akasema kwa sauti ya chini. "Mguu ungekatwa, angeishi na mitatu. Ni hizi siku tatu na hii oili."

Nikaweka uzi wa pamba mbele ya pua yake, haukucheza. Tulisubiri muda mrefu sana, kwa kuwa kwa kobe haraka haifai. Kisha akaondoa mkono wake.

"Niende mimi nikamwambie," nikasema.

"Niinue."

Nilimwinua. Alikuwa mwepesi mno. Tulitembea hatua kwa hatua mpaka kibarazani, mguu wake wa kushoto ukikokota sakafu. Mzee alisimama alipotuona, akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Amekufa," Sista akasema.

"Innaa lillahi," mzee akasema. Midomo yake ilicheza kidogo bila sauti. Kisha akauliza lile ambalo nilijua atauliza. "Sista, nisamehe. Je, ningalimleta siku ile ile? Siku ile ile ya mbwa?"

Nilikaza mkono wangu kiunoni mwa Sista, nikijitayarisha. Nilimwonea huruma yule mzee kwa maneno yanayokuja.

"Hata ungalimleta siku ile ile," Sista akasema, "asingalipona. Mbwa walikuwa wameshammaliza. Wewe ulimfanyia aliyohitaji. Ulimweka ndani, hakufa peke yake nje."

Mzee alivaa tena kofia yake. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa nawaza, nitamwambia nini mwenyewe huko akhera." Aliingia, akamfunga kobe kwa leso aliyokuja nayo begani, akamshukuru Sista mara mbili, akanishukuru na mimi, akaondoka amembeba kifuani.

Nilimrudisha Sista kitini. Alijipanga leso yake kwa mkono mmoja, taratibu, mpaka ikakaa sawa.

"Umesikia nilivyomwambia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Usije ukaiga." Alikuwa anatazama njia aliyopita mzee. "Mimi, huyu ndiye wa mwisho. Wewe bado una wagonjwa."